Wimbo wa Nchi na Mwenye Kibaba

Usiku wa tarehe 10 Mei, 2011, katika mji wa Düsseldorf, Ujerumani, methali ya Kiswahili ilipandishwa jukwaani mbele ya watazamaji wa Ulaya nzima. Yalikuwa mashindano ya nyimbo ya Eurovision, nusu fainali ya kwanza. Wimbo uliitwa "Haba Haba". Mwimbaji alikuwa Stella Mwangi, aliyezaliwa Kenya mwaka 1986 na kuhamia Norway pamoja na wazazi wake mwaka 1991. Nchi iliyouwasilisha wimbo huo haikuwa Kenya, wala haikuwa Tanzania. Ilikuwa Norway. Ndiyo mara ya kwanza Kiswahili kusikika katika mashindano hayo, yaliyokuwa na umri wa miaka 55.

Jambo hili lilizuka katika darasa letu la itikadi hapa Mji Mkongwe, tulipokuwa tukizungumzia utamaduni na ukombozi. Kijana mmoja alisimama akauliza: "Mwalimu, Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja. Vipi basi Norway ndiyo ipande nacho jukwaani, na sisi wenyewe tumekaa Forodhani tunatazama?" Darasa liligawanyika papo hapo. Wako waliosema huo ni ushindi wa Kiswahili, na tushangilie. Wako waliosema ni wizi wa mchana, hauna tofauti na pembe za ndovu na karafuu. Tuliwasikiliza wote, na kwa maoni yetu kambi zote mbili zilikosea, kwa sababu zote mbili zilitazama wimbo, na hakuna hata moja iliyotazama chombo kilichoupeleka wimbo. Makala hii inajaribu kulieleza jambo hilo kwa urefu kuliko tulivyoweza siku ile.

CHOMBO KINACHOPELEKA WIMBO

Hapana budi kuanza na msingi. Watu husema "nchi fulani imeimba", lakini nchi haina koo. Katika Eurovision anayeshiriki si taifa wala serikali, bali ni shirika la utangazaji ambalo ni mwanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya. Umoja huo uliundwa mwaka 1950, na mwaka 1956 ukaanzisha mashindano hayo katika mji wa Lugano, Uswisi, kwa nchi saba, kila moja ikileta nyimbo mbili. Madhumuni yake ya awali yalikuwa ya kiufundi kama yalivyokuwa ya kisanaa: kujaribu kama matangazo ya televisheni yanaweza kuunganishwa moja kwa moja kutoka nchi hadi nchi. Kwa maneno mengine, nyaya zilitangulia, nyimbo zikafuata.

Uanachama nao una mpaka uliochorwa. Eneo la utangazaji la Ulaya, kama lilivyowekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, halikomei pwani ya kusini ya Ulaya. Linavuka Bahari ya Mediterania na kuzikumba Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Lebanon na Jordan. Tanzania imo mbali nje ya mpaka huo. Kwa hiyo basi, hata TBC au ZBC wangekuwa na mwimbaji bora kuliko wote duniani, mlango wa kawaida haukuwa wao. Lakini makada wasidhani kwamba kanuni ni jabali. Mwaka 2015 Australia, iliyo upande wa pili wa dunia, iliingizwa kwa mwaliko kupitia shirika lake la SBS, na ikaendelea kurudi miaka iliyofuata. Mwenye nyumba akitaka mgeni, jiografia haimzuii.

Sasa tuitazame Norway. Chombo chake ni NRK, shirika la utangazaji la umma. NRK halikumwita msanii ofisini na kumpa barua. Shirika hilo lina mashindano yake ya ndani, Melodi Grand Prix, yaliyoanza mwaka 1960, na mwaka 2011 mchujo wake ulipita katika miji midogo kama Ørsta, Florø na Skien kabla ya kufika fainali mjini Oslo tarehe 12 Februari. Wananchi wa kawaida walipiga kura kwa simu. Wao ndio waliosema kwamba binti mwenye asili ya Kenya, anayeimba kwa Kiingereza na kuchanganya Kiswahili, ndiye atakayewawakilisha. Miaka miwili kabla yake walimpeleka Alexander Rybak, mzaliwa wa Minsk, naye akashinda kule Moscow. Msanii wa "Haba Haba" mwenyewe amesimulia hadharani kwamba utoto wake katika nchi hiyo haukukosa ubaguzi wa rangi. Hatulisemi hili ili kuipaka Norway mafuta. Tunalisema kwa sababu ni somo: nchi ilijenga chombo, chombo kikawa na utaratibu, na utaratibu ukaweza kumpokea hata mtoto wa mhamiaji ambaye mitaani huenda alitukanwa.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo wanafunzi wengi hawalijui, nalo ni kanuni ya lugha. Kuanzia mwaka 1966 kila nchi ililazimishwa kuimba kwa lugha yake ya taifa. Kanuni ikalegezwa mwaka 1973, ikarudishwa mwaka 1977, na ikafutwa tena mwaka 1999. Kama ingekuwapo mwaka 2011, Norway isingeweza kuleta wimbo kama huo. Kufutwa kwake ndiko kulikokifungulia mlango Kiswahili. Lakini tuwe waangalifu hapa, maana ndipo penye ukinzani. Mlango uleule ulioingiza Kiswahili kidogo uliingiza Kiingereza kingi. Mara tu sheria ilipoondoka, wengi waliikimbilia lugha ya soko. Mwaka huohuo wa 2011 mshindi alikuwa Azerbaijan, kwa wimbo wa Kiingereza uliotungwa na watunzi wasio wa nchi hiyo. Na "Haba Haba" wenyewe, tukisema kweli, kwa sehemu kubwa ni wimbo wa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa katika kiitikio, kama kanga iliyotupiwa begani juu ya gauni.

Matokeo yalikuwa pointi 30 na nafasi ya 17 kati ya nchi 19 zilizoshindana usiku ule. Kumi zilipita na Norway ikarudi nyumbani. Baadhi ya wanafunzi wetu walitaka kulitumia jambo hili kuwa ushahidi kwamba Ulaya ilikikataa Kiswahili. Hatuna msingi wa kusema hivyo. Nyimbo nyingi za Kiingereza nazo zimeanguka vibaya zaidi.

AFRIKA NA MASHINDANO YA WENGINE

Nchi moja tu ya Afrika imewahi kushiriki Eurovision kwa jina lake, nayo ni Morocco, mwaka 1980 kule The Hague, ikiwakilishwa na Samira Bensaïd aliyeimba kwa Kiarabu. Mwaka ule Israel haikuwapo, na kutokuwapo kwake ndiko kulikorahisisha kuingia kwa Morocco. Ilipata pointi saba, zote kutoka Italia, ikawa ya 18 kati ya nchi 19. Haikurudi tena. Mwaka 2005 Lebanon nayo ilijiandaa, kisha ikajitoa kwa sababu kanuni zilidai televisheni yake irushe matangazo yote, pamoja na wimbo wa Israel. Ndugu wanaopenda kusema kwamba muziki hauna siasa wakae na mifano hii miwili kwa muda kabla ya kulirudia neno lao.

Lakini Afrika haikuwa daima mgeni katika majukwaa ya wengine. Tamasha la Utamaduni wa Afrika lililofanyika Algiers mwaka 1969 lilikuwa na mashindano na medali, na hapo Bembeya Jazz ya Guinea ilipata medali ya fedha kwa utungo wake mrefu juu ya Samori Touré. Bembeya Jazz ilikuwa bendi ya taifa. Serikali ya Sékou Touré ilinunua vyombo, ililipa wapigaji, na ilikuwa na kampuni yake ya sahani za santuri, Syliphone. Hapo ndipo tunapoona maana kamili ya "wimbo wa nchi": mali ya umma kuanzia gitaa hadi sahani. Haifai, hata hivyo, tuusimulie mfano huo kwa macho yaliyofumbwa. Chombo hicho hicho kilikuja kutumika mno kusifu uongozi, na msanii asiyetaka kusifu alikuwa na mahali padogo pa kusimama. Umma kumiliki chombo ni jambo moja, na umma kusikika ndani ya chombo ni jambo jingine.

KIBABA CHA NANI?

Tumerejea nyumbani. Tuanze na methali yenyewe, haba na haba hujaza kibaba, ambayo wanafunzi wengi wa leo wanaijua bila ya kukijua kibaba. Kibaba ni kipimo cha ujazo, robo ya pishi. Siku ya mjadala wetu tulimwalika mzee mmoja wa shamba aliyechuma karafuu tangu ujana wake. Alikuja kueleza habari nyingine kabisa, lakini aliposikia jina la wimbo alicheka. Akasema mchumaji hulipwa kwa pishi, na kwa hiyo mchumaji hutazama mambo mawili: mkono wake na mkono wa anayepima. Pishi ikimiminwa tu hujaa upesi. Ikitikiswa na kugongwa chini hushuka, na mchumaji huongeza kutoka katika pakacha lake. Haba zake zilikuwa zake, lakini kipimo hakikuwa chake.

Mzee yule alitusaidia kuliko vitabu, maana historia ya muziki wa Unguja tangu zama za Sultani ni historia ya haba nyingi katika vipimo vya wengine. Taarab iliingia katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza ganuni. Ilikuwa starehe ya baraza la mfalme, kwa Kiarabu. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, bado ikiegemea upande wa wenye nafasi. Aliyeitoa taarab huko na kuileta kwa wachukuzi, wavuvi na wauza samli alikuwa mtoto wa mfinyanzi kutoka Fumba, Siti binti Saad, ambaye naye aliuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Aliimba kwa Kiswahili cha mitaani, na mambo ya mitaani yakaingia katika nyimbo: dhuluma, mahakama zisizotenda haki, wanawake wanaoonewa.

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili ambayo mara chache huwekwa pamoja. La kwanza, mkutano ulioitishwa na wakoloni mjini Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. La pili, Siti binti Saad alisafirishwa hadi Bombay, na sauti yake ikatiwa katika santuri za His Master's Voice. Lugha ya Unguja ikapimwa na maofisa wa kikoloni, na sauti ya Unguja ikapimwa na kampuni ya Kiingereza. Santuri zilisikika katika mikahawa na nyumba za pwani yote hadi bara. Siti alifariki mwaka 1950 akiwa na jina kubwa kuliko mali, na wasifu wake ukaandikwa na Shaaban Robert.

Mapinduzi ya 1964 yalilibadilisha jambo hili kwa kiasi. Vikundi vya taarab viliingizwa katika kazi ya kujenga taifa. Culture Musical Club, ambacho mizizi yake ni katika vijana wa Afro-Shirazi, kilikuja kuwa chini ya serikali. Upande wa Bara, Mwalimu Nyerere alikwisha kuunda wizara ya utamaduni wa taifa mwaka 1962, akiwasuta wasomi waliojua kucheza rumba na hawakujua ngoma za babu zao. Kwa miaka mingi nyimbo zetu zilirekodiwa na redio zetu, na kanda zikawekwa katika maktaba zetu. Hali ya kanda hizo leo ni suala linalostahili makala yake peke yake, na hatutaligusa hapa.

Ila majukwaa ya nje tuliwaachia wengine watuchagulie. Mwaka 2005, kule Newcastle, Uingereza, Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya biashara ya muziki. Tulifurahi sote, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hakuna kikao chochote cha umma wa Unguja kilichokaa kumteua. Ameheshimiwa na wafanyabiashara wa muziki wa dunia, na heshima hiyo ikatufikia sisi kama habari.

Mfano wa tamasha la Sauti za Busara ni mkali zaidi. Tangu mwaka 2004 limekuwa likifanyika kila Februari katika Ngome Kongwe, hatua chache kutoka tulipofundishia somo hili, na limewapa wasanii wetu jukwaa na ajira. Miongoni mwa wafadhili wake wakubwa kwa miaka kadhaa ulikuwa Ubalozi wa Norway. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Msomaji aziweke habari hizi mbili upande kwa upande. Mwaka 2011 Norway ilikwenda Düsseldorf na methali yetu kwa fedha za umma wa Norway. Katika miaka hiyohiyo fedha za umma wa Norway zilisaidia kuwasha taa za Ngome Kongwe. Pale tulipokosa wafadhili, hatukuwa na mfuko wetu wa kuziwasha. Wanafunzi walioita jambo hili wizi hapa walinyamaza. Mtu haibiwi kwa kulipiwa bili ya umeme. Tatizo ni kwamba tulizoea.

JE, TUKIALIKWA?

Suala hili si la kinadharia tena. Tarehe 20 Septemba, 2025, karibu na Moscow, Urusi ilifufua mashindano ya Intervision, jina lililowahi kutumiwa na nchi za kisoshalisti kwa mashindano ya Sopot, Poland, kati ya 1977 na 1980. Safari hii zilialikwa nchi za Asia, Amerika ya Kusini na Afrika. Kenya ilikwenda na Sanaipei Tande. Ethiopia, Afrika Kusini, Misri na Madagascar nazo zilikwenda. Vietnam ikashinda. Tanzania haikuwamo. Wako vijana waliosema papo hapo kwamba hili ndilo jukwaa letu kwa kuwa si la Magharibi. Sisi tunawaomba wafanye tena kazi waliyoifanya juu ya Eurovision: nani anaalika, kwa nini amealika mwaka huu, nani analipa, na matangazo ni ya nani. Dola iliyofungiwa mlango katika Eurovision mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine ina haja zake za kufungua nyumba nyingine. Kwenda si dhambi. Kwenda bila ya kujua ni kuipeleka karafuu kwa mwenye pishi kwa mara nyingine.

Tukialikwa kesho, pengine tutakurupuka: simu itapigwa, msanii mwenye wafuasi wengi mitandaoni atapatikana, kampuni ya simu itamdhamini, na wimbo utatungwa kwa Kiingereza ili "dunia ielewe". Hatusemi msanii wa namna hiyo hafai. Tunasema hatakuwa ametumwa na mtu. Kinachotakiwa ni mchujo unaoanza shehiani na wilayani, kama wao walivyoanzia Ørsta na Florø. TBC na ZBC wakiwa wenyeji wake. Mabaraza ya sanaa ya pande zote mbili yakiandika kanuni mapema. Na COSOTA na COSOZA wakihakikisha kwamba haki za mtunzi zinabaki kwa mtunzi, zisije zikatiwa saini uwanja wa ndege. Gharama yake si ndogo. Lakini mashindano ya mpira ya mitaani yanaendeshwa kila mwaka, na hakuna anayeuliza fedha zinatoka wapi.

Hapa ndipo darasa lilipopata moto, kwa sababu ya neno "nchi". Utamaduni si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na shirika lake la utangazaji. Lakini mashirika ya kimataifa hutazama kiti cha Umoja wa Mataifa. Wote tunakumbuka mwaka 2017, Zanzibar ilipokubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF mwezi Machi, ikaondolewa Julai, kwa hoja kwamba si nchi huru. Vijana wa michezo walilichukua jambo lile kwa uchungu. Je, mwimbaji atakwenda kwa jina la Tanzania baada ya mchujo wa pande mbili, au kila upande utadai jukwaa lake? Sisi tuliegemea la kwanza, kwa sharti kwamba fainali zipokezane kati ya Unguja, Pemba na Bara, na kwamba Kiswahili kiwe sharti la wimbo mzima na si la kiitikio tu. Ndugu wawili walilipinga sharti hilo la lugha kwa hoja nzito: Norway ililegeza kanuni, na ndiyo maana tuna jambo la kuzungumza; na ndugu zetu wa Bara wana nyimbo za Kisukuma na Kihaya ambazo hakuna mwenye haki ya kuziwekea kizuizi. Mmoja akauliza kama taarab ya Kiarabu ya Ikhwani Safaa nayo ingekatazwa.

Hatukuweza kumjibu kwa haraka. Kura ilipigwa, ikawa sare, na mjadala ukaahirishwa hadi Jumamosi iliyofuata kwa sababu ukumbi ulikuwa umeahidiwa kikundi cha taarab, na wapiga fidla walikwisha kuanza kukaza nyuzi mlangoni.